Kigari Kilichokwenda Kutafuta Maisha

Juma lililopita nilisimama mbele ya kibanda cha fundi simu hapa Kabeza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Sikuwa na simu mbovu. Fundi alikuwa akilehemu kitu kidogo chini ya taa yake, na ule moshi mwembamba unaopanda risasi inapoyeyuka, wenye harufu ya utomvu wa msonobari uliotupwa motoni, ulinikamata nikashindwa kupita. Fundi akainua macho. "Iko nini, dada?" Nikamwambia hakuna. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka jambo lenyewe linachoka, nilitembea hadi nyumbani nikijiuliza kama ameniona mwizi, kama ningenunua angalau kava, na kama kuanzia kesho nipitie njia ya juu.

Harufu hiyo ni ya Jumamosi za utoto wangu. Wenzangu wengi waliokulia Kigali watakutajia sabuni ya kufulia, au maharagwe yaliyoinjikwa tangu asubuhi. Yangu ni risasi inayoyeyuka ndani ya ukumbi wa parokia, madirisha yote wazi, kwaya ikifanya mazoezi chumba cha pili, na watoto wa shule ya msingi wameinamia meza wakitengeneza magari ya kwenda sayari nyingine.

Ukumbi ulikuwa wa Wakatoliki, lakini mwalimu alikuwa Mwislamu. Ticha Rehema alitoka Tanga, akifanya kazi ya kukagua vifaa vya umeme katika kiwanda kimoja kule Masoro, na mapumziko yake aliyatoa kwa watoto wa mtaa wetu. Padri alimwachia ufunguo, naye kila jioni aliurudisha ukumbi ukiwa umefagiliwa. Wazazi walimpenda kwa utaratibu wake na kwa Kiswahili chake, ambacho masikioni mwetu kilikuwa cha redio: kila neno limekaa mahali pake, limefunga vifungo hadi shingoni. Sisi tulikuwa na cha kwetu. Wazazi wetu wengi ni Wanyarwanda waliokulia Burundi, wakaja na Kiswahili cha Bujumbura. Sisi tukakichanganya na Kinyarwanda cha shule, kila kitu kikawa "iko", na r na l zikabadilishana viti kadiri zilivyopenda.

"Ticha," alisema Yvette siku moja, "loboti yetu iko narara."

"Imelala?"

"Betri imeisha."

"Basi haijalala, imekufa njaa. Na sema roboti."

"Roboti," alisema Yvette, vizuri kabisa. "Iko narara."

Yvette alikuwa mwenzangu wa meza. Alinizidi urefu, sauti na uhakika. Mimi niliuliza kama swichi imezimwa, nikaambiwa imezimwa, nikaenda kuiangalia mwenyewe, na bado nikamwachia yeye ashike waya. Tulifaana. Nilijua kila kitu kinachoweza kuharibika, naye hakujali hata kimoja.

Siku mambo yalipoanza, Ticha Rehema alifungua kompyuta yake akatuonyesha picha ya kigari chenye magurudumu sita, kimesimama peke yake kwenye ardhi nyekundu isiyo na mti wala jani.

"Hapo si Masoro?" aliuliza Yvette.

Ukumbi ulicheka, lakini hakukosea sana. Masoro ya wakati ule ilikuwa ikisawazishwa ili vijengwe viwanda zaidi, kilima kizima kimechunwa ngozi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope za wapita njia.

"Hiyo ni Mirihi," alisema Ticha. "Sayari nyingine kabisa. Kigari hiki kimepelekwa kule kutafuta uhai."

Hatukulijua neno hilo. Tulitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ajiaibishe. Mwishowe niliuliza mimi, maana neno nisilolijua huniwasha kama upupu.

"Uhai ndiyo nini, Ticha?"

Alifikiri kidogo. "Uhai ni kuwa hai, mwanangu. Ni maisha. Kimekwenda kutafuta maisha."

Aa. Hilo tulilijua sote.

Mpaka leo naweza kuonyesha mahali hasa nilipokaa nilipoelewa vibaya namna ile. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, anayekwenda kutafuta maisha ni mtu aliyefunga begi akaenda mbali kuhangaikia riziki. Kinyarwanda nacho hakikuniokoa, kwa sababu neno lake la uhai na la maisha ni lilelile moja, ubuzima, na anayehangaika huku na kule husemwa anautafuta huohuo. Kwa hiyo nilikitazama kile kigari kwa macho mapya. Hakikuwa mashine tena. Kilikuwa mtu wa kwao aliyeona kwao hakuna kazi.

Nilimfahamu mmoja wa namna hiyo. Baba mkubwa Deo, kaka yake Baba, alikwenda Ubelgiji kutafuta maisha kabla sijazaliwa. Sikuwahi kumwona. Nilichokijua ni picha zake: Baba mkubwa amesimama karibu na gari jekundu, Baba mkubwa kwenye theluji na koti linalomzidi, Baba mkubwa mbele ya nyumba ndefu ambayo hakuna aliyesema ni ya nani. Nilipomuuliza Mama ni lini atakuja, alijibu, "Bado anatafuta maisha," kwa sauti ya kufunika sufuria.

Nikainua mkono. "Ticha, hicho kigari kitarudi lini?"

"Hakirudi. Kimekwenda moja kwa moja."

"Hata kikikosa?"

"Hata kikikosa. Kitaendelea kutafuta mpaka nguvu zikiishie."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani kinatuma picha," alisema Ticha Rehema kwa furaha, maana kwake hilo lilikuwa jambo la ajabu na zuri.

Nilishusha mkono.

Labda ningesahau. Watoto husahau, hata wale wa aina yangu, wakipewa nafasi. Lakini siku hizohizo Baba alianza kurudi nyumbani mapema, jambo ambalo mwanzoni nililifurahia. Alikuwa fundi wa karo, anapanga vigae vya sakafu na bafu, na kwa muda mrefu alikuwa na kazi Kiyovu, kwenye majumba ya zamani yaliyokuwa yakigeuzwa ofisi. Kazi hiyo iliisha, na nyingine haikuja. Alikaa dukani kwa Mama, akipanga pakiti za chumvi zikanyooka kama karo, mpaka Mama akamwambia wateja wanaogopa kuzigusa.

Jioni moja tukila ugali na isombe, yaani kisamvu, alisema kuna jamaa amempigia kutoka Lubumbashi. Kuna hoteli kubwa inajengwa, wanataka mafundi wa karo.

"Nataka niende," alisema. "Nikatafute maisha."

Niliacha kutafuna.

Mama alichota isombe, akaimwaga polepole kwenye sahani yake. "Na ukiyakosa?"

"Nitakaa mpaka niyapate. Mkono mtupu haulambwi, Mama Keza. Mwanaume anarudi na kitu."

"Kama kaka yako."

"Usimtaje Deo kwenye chakula," alisema Baba, lakini bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi.

Hapo ndipo nilipoelewa sheria nzima, au nilidhani nimeielewa. Hakuna anayezuiwa kurudi. Kinachomzuia ni mikono yake mwenyewe anapoitazama akaiona haina kitu. Baba mkubwa hakuwa amepotea. Alikuwa bado anangoja mikono ijae. Na Baba, ambaye aliona haya hata kuazima ngazi kwa jirani, angengoja muda mrefu kuliko kaka yake. Nilijua kwamba mtoto hamzuii mzazi kwenda kutafuta maisha, kama asivyomzuia kwenda kanisani. Lakini Jumamosi ilikuwa karibu, na kwenye meza ya ukumbi kulikuwa na kigari ambacho mimi ndiye mzazi wake.

Ticha Rehema alikuwa ametupa kazi. Kila meza itengeneze kigari cha kutafuta uhai, na siku ya maonyesho kila kimoja kitashindana kwenye sanduku kubwa la mbao lililojazwa udongo na mawe. Chini ya udongo huo, mahali asipopajua mtu ila yeye, ataficha kitambaa chenye maji na maharagwe yaliyoanza kuota. Tusikisukume kigari wala kukifunga waya wa kukiongoza, kwa kuwa Mirihi ni mbali na mkono haufiki. Kitakachogundua unyevu kitashinda. Kugundua kwenyewe kulikuwa kwa misumari miwili: ikigusa udongo mkavu hakuna kitu, ikigusa udongo wenye maji, umeme mdogo unapita kati yake na taa inawaka.

Chetu kilikuwa na tumbo la dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa, mota mbili za gari la kuchezea, na magurudumu ya mbao. Baba aliyavisha mpira wa kandambili kuukuu, akiukata kwa kisu chake cha kazi, ulimi umetoka kidogo kama kila mara alipokuwa akipima kona. "Gari la injeniyeri wangu lisiteleze," alisema. Kisha akauliza linakwenda wapi. Nikasema mbali. Hakuuliza zaidi, maana mawazo yake yalikuwa kwenye begi.

Siku tulipotakiwa kufunga mkono wa misumari, nilimwambia Yvette nataka kigari kirudi.

"Kirudi wapi?"

"Nyumbani. Kikifika mwisho kigeuze kirudi."

"Ticha alisema havirudi."

"Vya kwao havirudi. Chetu kitarudi."

Ticha Rehema alipenda wazo hilo, bila kujua linatoka wapi. Alituletea swichi ya kubadili mwelekeo, ndogo kama punje ya hindi, akatuonyesha jinsi waya zake zinavyopishana: ukiisukuma upande huu mota zinakwenda mbele, ukiisukuma upande ule zinarudi nyuma. Tuliifunga puani mwa kigari na kijiti kirefu mbele yake. Kijiti kikigonga kitu, swichi inasukumwa, na kigari kinarudi kilikotoka. Lakini safari ya kurudi inataka nguvu zake, kwa hiyo tuliongeza betri nyingine za tochi. Tukakijaribu kwenye udongo nje ya ukumbi. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja yakachimba kaburi lake.

"Kizito," alisema Ticha. "Kitu kimoja kishuke. Hii ndiyo kazi yenyewe, wanangu. Wanaotengeneza vile vya kweli huumia vichwa hivyohivyo. Ukipakia hiki, unaacha kile. Chagueni."

Akaenda meza nyingine. Yvette alinyoosha mkono kwenye betri za ziada. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kufungua skrubu za mkono wa misumari.

"Keza. Unafanya nini?"

"Nashusha huu."

"Hiyo misumari ndiyo inatafuta." Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sasa kitaenda kufanya nini huko bila misumari? Kutembea?"

"Kitaenda, kisha kitarudi."

"Kikiwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Sha, wewe uko mgonjwa," alisema Yvette. Tulivutana ule mkono mpaka waya mmoja ukakatika, na kwa kuwa ni yeye aliyekuwa ameushika ulipokatika, aliuachia. Sijui kama angeuachia kwa sababu nyingine. Nimeliwaza hilo zaidi ya mara moja.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya umuganda, asubuhi ambayo kila mtaa hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Siku hiyo walichimba mtaro wa maji karibu na parokia, na udongo wa mtaro ndio uliojaza sanduku letu. Kwa hiyo wazazi walikuja vile walivyokuwa, na mabuti yenye tope, wengine wakiegemea majembe, wamezunguka lile sanduku kama watu waliokuja kununua ng'ombe. Baba alisimama nyuma. Begi lake lilikuwa limekwisha fungwa. Angeondoka keshokutwa.

Kigari cha kwanza kilikwama kwenye jiwe kikalia kama mbu. Cha pili kilikwenda vizuri, kikapita mahali fulani katikati, na ghafla taa yake ikawaka. Ticha Rehema akafukua, akainua haragwe lenye mkia mweupe, watu wakapiga makofi. Halafu wakatuita sisi.

Nilikiweka mwanzoni mwa udongo. Yvette akabonyeza swichi, amenuna. Kigari kikaondoka. Kilikwenda polepole, kikiyumba, mpira wa kandambili ukiacha alama kama za nyoka wawili. Kilipita jiwe la kwanza. Kilipita palepale palipofukuliwa haragwe, juu ya udongo uliokuwa bado umelowa, bila kujua. "Kiko juu yake," mtu akasema. "Kiko juu yake, mbona taa haiwaki?" Kikaendelea hadi mwisho wa sanduku. Kijiti kikagonga ubao. Tukasikia mlio mdogo, tik. Kigari kikasimama kidogo, kikatetemeka, na nikajua kimekufa. Kisha kikaanza kurudi kinyumenyume, kikifuata alama zake chenyewe, mpaka kikagusa viganja vyangu.

"Kimepata nini?" aliuliza Ticha Rehema.

"Hakuna kitu."

"Misumari iko wapi?"

"Tuliishusha."

"Aliishusha," alisema Yvette.

Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja aliyeegemea jembe, jirani yetu, aliuliza kwa wema kabisa, "Sasa, mwanangu, umekituma kutafuta maisha, na hukukipa cha kuyatafutia?"

Sikuwa mtoto wa kuongea mbele za watu. Lakini kigari kilikuwa mikononi mwangu, mota bado za moto, na nilisema yote kwa mkupuo. Nilisema vile vya Ulaya vinakwenda kutafuta maisha na havirudi, vinatuma picha tu, hata vikikosa vinakaa kulekule mpaka vife. Nilisema mimi nimekitengeneza chetu kirudi hata kikikosa. Kikienda bila kitu, kirudi bila kitu. Kwetu ni hapa.

Mzee akaacha kucheka. Wengine waliendelea, kwa kuwa ilikuwa bado inachekesha, na hata mimi nikiwaza sasa nacheka. Ticha Rehema alinitazama, kisha akatazama juu ya vichwa vya watu mpaka akamwona Baba, ambaye mtaa wote ulijua anakwenda Lubumbashi, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. Hakunisahihisha hapo. Alisubiri watu watawanyike, akaniita pembeni karibu na viti vilivyopangwa.

"Keza, nilikukosea," alisema. "Uliniuliza neno nikakupa jirani yake. Uhai siyo kazi, mwanangu, wala riziki. Ni ule ulio ndani ya haragwe hili. Kule wanatafuta kitu kinachopumua. Hata mdudu. Hata ukungu wa kwenye mkate."

"Ukungu?" nikasema.

"Hata ukungu. Wakiupata watalia kwa furaha."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Juma zima niliwaza kwamba Kabeza yote inajua nimekionea huruma chuma kwa kukosa kazi. Lakini neno lile lilibaki. Baadaye nililisomea, na nikakuta kwamba Ticha alisema kweli: vile vigari havirudi, na kila chombo kinachopakiwa kinakaa mahali pa kingine. Mwaka huu nilipowasilisha kigari changu cha mradi wa mwisho chuoni, mwalimu aliuliza kwa nini nimetenga nguvu nyingi kwa safari ya kurudi wakati hakuna anayekihitaji kirudi. Nilijibu mambo ya kitaalamu. Hakuridhika, nami sikuridhika.

Siku ile ya maonyesho tulirudi nyumbani kwa miguu, Baba na mimi, kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Yvette alikuwa amekataa kuniaga. Baba alikibeba kigari kwa mikono miwili. Ndege ilishuka juu yetu kuelekea Kanombe, akangoja kelele ziishe.

"Kwa hiyo kikigonga ukuta, kinarudi."

"Ndiyo, Baba."

"Hakioni haya?"

"Kione haya ya nini? Ni kigari."

Alicheka puani. Tukatembea. "Na wewe, walipocheka, uliona haya?"

"Kidogo."

"Lakini ulikipokea."

"Si ni chetu?" nikasema. Nilishangaa anauliza jambo la wazi namna hiyo.

Alikigeuza kigari akaangalia tumbo lake, akapuliza vumbi kwenye mota, akakibeba tena, safari hii kifuani.

Aliondoka kama alivyopanga. Sitasema nilikuwa na amani. Usiku nilikuwa nikiyapanga yale yanayoweza kumpata, kuanzia mpakani hadi kwenye ngazi za hoteli. Alipiga simu mara kwa mara, sauti ikija na kwenda, akasimulia kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kimemshinda. Aliomba chai akaletewa kitu kingine, akakila. Siku moja alituma picha, amesimama mbele ya jengo refu lisilo na madirisha. Mama akaniletea simu. "Muone baba yako." Niligeuza uso nikatoka nje. Mama alidhani nimekasirika. Nilikuwa nimeogopa tu: picha zilikuwa zimeanza.

Kisha simu zikapungua. Mama alianza kuzipanga mwenyewe zile pakiti za chumvi.

Baba alipiga mchana mmoja niliporudi kutoka shule. Mama alikuwa akipimia mteja sukari, akaiweka simu juu ya kaunta wote tukasikia.

"Hoteli imesimama, Mama Keza. Mwenye kazi hapatikani. Mafundi wengine wameanza kwenda kwingine, wanasema Kolwezi kuna nafasi."

Mama aliifunga ile sukari, akampa mteja, akangoja atoke. "Na wewe unasema nini?"

Baba akasema, "Nipe Keza."

Nikaisogelea kaunta.

"Injeniyeri."

"Naam, Baba."

"Nimegonga ukuta."

Nilielewa papo hapo, na nilijua ni swali gani linalofuata. Fundi hakisii.

"Swichi imelia?"

Nilisikia pikipiki nyuma yake, na mtu akimwita mtu.

"Imelia," alisema Baba.

"Basi njoo."

Mama alinyoosha mkono akaichukua simu, akageukia rafu ili nisimwone uso. Alimwambia apitie njia iliyo salama, hata kama ni ndefu.

Baba alifika siku ya mvua, amekonda, na mfuko wake wa vifaa vya kazi begani, hakuna kingine. Alivua viatu mlangoni, akasema karo za hapa hajaziona popote, ilhali sakafu yetu ilikuwa saruji tupu. Nilikaa karibu naye akila. Sikuwa na swali hata moja, jambo ambalo kwangu ni kama kuacha kupumua. Mvua ilipopungua alikuja Mama Clarisse, jirani wa mlango wa pili, na kitenge kichwani, akidai amefuata kiberiti.

"Karibu nyumbani, Baba Keza," alisema, macho yakizunguka chumba. "Haya, mmeletewa nini kutoka Kongo?"

Baba aliitazama sahani yake. Niliziona zile sekunde zikimjia, zile alizoziogopa tangu mwanzo.

"Amejileta," alisema Mama, na kumpa kiberiti.

Mama Clarisse alicheka, kwa sababu kwetu neno hilo husemwa kwa mtu aliyejipeleka mwenyewe kwenye matatizo. Baba naye akacheka, mdomo umejaa, mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Mwezi haukuisha akapata kazi, bafu moja Remera, kisha mengine. Hayakuwa makubwa. Yvette alikuja kuangalia kama ni kweli Baba amerudi, akamtazama juu mpaka chini, akaniambia kigari kingine atatengeneza na mimi lakini misumari haishuki.

Jumapili iliyofuata, tumetoka misani, Baba aliomba simu ya Mama akakaa kwenye ngazi ya duka akampigia kaka yake. Nilikuwa ndani nikipanga mayai. Waliongea habari za afya, na baridi, na nani amezaa. Kisha Baba akashusha sauti.

"Deo, nilikwenda Kongo. Nimerudi bila kitu." Akasikiliza. "Bila kitu kabisa. Nilikula, nikalala. Hakuna aliyekufa." Akasikiliza tena. "Hapana, kaka. Hatutakuuliza umeleta nini."

Akaniita mlangoni, akaibonyeza simu ili nami nisikie. Ndipo sauti ya mtu nisiyemjua, nyembamba, yenye Kiswahili kilekile cha Baba, ikauliza kama siku hizi njia ya kuja kwetu ina lami.